Meenakshi, Malkia wa Madurai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wa kwetu wanaofika kusini mwa India, wengine kwa masomo, wengine kwa matibabu, wengine kwa biashara, hurudi na picha za minara iliyojaa masanamu ya rangi zote, na maswali mengi kuhusu yule ambaye wenyeji wanamwita Amma, mama. Maswali yanayojirudia zaidi nimeyaweka hapa. Ninaeleza imani kama waumini wenyewe wanavyoieleza. Msomaji abaki na dini yake, lakini hekalu halieleweki kama hutaki kwanza kumsikia mwenye nyumba.

Meenakshi ni nani hasa?

Ni mungu wa kike mwenye makao yake Madurai, mji wa watu zaidi ya milioni moja katika jimbo la Tamil Nadu, kando ya mto Vaigai. Kwa Wahindu yeye ni Parvati, mke wa Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu, aliyekuja duniani akiwa binti mfalme wa ukoo wa Pandya, ukoo uliotawala sehemu hiyo kwa karne nyingi. Mumewe pale Madurai anaitwa Sundareswarar, Bwana Mzuri. Rasmi hekalu ni la wote wawili, lakini mwambie dereva wa bajaji akupeleke kwa Meenakshi na atawasha injini. Mume hatajwi sana barabarani.

Ukitaka kushika jambo moja tu kuhusu Meenakshi, shika hili: ni malkia mwenye nchi. Wako miungu wa kike wengi wanaoheshimiwa kwa sababu ni wake wa fulani. Huyu alikuwa na kiti cha enzi kabla hajaolewa, na baada ya kuolewa kiti kilibaki chake. Karibu kila alama utakayoiona hekaluni, kuanzia samaki hadi fimbo ya enzi, inarudi hapo.

Hadithi ya kuzaliwa kwake ikoje?

Mfalme Malayadhwaja na mkewe Kanchanamalai hawakujaliwa mtoto. Wakafanya ibada ya moto wakiomba mrithi wa kiume. Badala yake akatoka motoni msichana wa miaka mitatu, na kifuani ana matiti matatu. Mfalme akaingiwa na huzuni mara mbili: kwanza si wa kiume, pili ana umbo la ajabu. Ndipo sauti ikasema: mleeni kama mnavyomlea mtoto wa kiume, mvisheni taji, na titi la tatu litatoweka siku atakapokutana na mume wake.

Wakamwita Tadatakai. Akafundishwa upinde, farasi na mambo ya utawala. Baba yake alipofariki alikalia kiti, kisha akatoka na jeshi kuziteka pande zote za dunia. Wafalme walisalimu amri, walinzi wa pande za dunia wakashindwa, hadi akafika mlima Kailasa, nyumbani kwa Shiva. Majeshi ya Shiva nayo yakapigwa. Mwishowe Shiva mwenyewe akatoka nje. Tadatakai alipomtazama, titi la tatu likatoweka, na yule jemadari aliyekuwa haogopi mtu akainamisha uso kwa haya.

Kwa hiyo fundisho ni kwamba mwanamke hukamilika akiolewa?

Wapo wanaoisoma hivyo, na sitasema hawana pa kushikia. Lakini tazama kinachofuata. Shiva hakumchukua bibi harusi kumpeleka Kailasa. Alimwambia arudi Madurai, akamfuata huko, harusi ikafanyika kwao mwanamke, na bwana harusi akabaki hukohuko, akatawala kwa jina la Sundara Pandya. Mungu anayeogopwa na ulimwengu mzima alihamia ukweni. Kwa jamii ambayo kwa desturi binti ndiye anayeondoka kwao, hilo si jambo dogo, na watu wa Madurai wanalijua vizuri. Kwa Kitamili kuna utani wa kumuuliza mtu kama nyumba yake ni Madurai au Chidambaram. Chidambaram ni mji wa Shiva mcheza ngoma, ambako mume ndiye mkubwa. Ukijibu Madurai, umekiri kwamba mke ndiye anayeamua.

Harusi yenyewe ina kisa kinachopendwa sana na watoto. Vyakula vilibaki vingi, na upande wa bibi harusi ukaanza kujisifu kwamba wageni wa bwana harusi wameshindwa kula. Shiva akamwonyesha mfuasi wake mmoja mfupi, Kundodara: mlisheni huyu kwanza. Kundodara akafagia jikoni nzima, akamaliza hata nafaka mbichi, bado analia njaa. Kisha akashikwa na kiu isiyokatika, na ili kuikata Shiva akautoa mto Vaigai. Siku hizi mto huo hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na wenyeji hawachoki kusema kwamba Kundodara hajashiba bado.

Kwa nini anasifiwa kwa macho ya samaki? Kwetu hiyo si sifa.

Kwetu msichana husifiwa macho ya kikombe. Washairi wa Kitamili waliwatazama samaki wadogo wa maji baridi wakipinduka mtoni, weupe na weusi ukimetameta, na wakaona humo jicho refu la mwanamke mzuri linalocheza. Hiyo ni maana ya kwanza, ya uzuri.

Ya pili ni ya malezi. Kuna imani ya kale India kwamba samaki huangua mayai yake kwa kuyatazama tu, bila kuyaatamia. Mtaalamu wa samaki atakataa, lakini muumini anachotaka ni picha: mama anayelea kwa jicho. Kumtazama na kutazamwa naye ndicho kiini cha ibada yote ya hekalu, na mtu akisema amekwenda kwa Meenakshi, maana yake amekwenda aonekane.

Ya tatu, samaki hana kope za kufumba. Wanasema malkia halali akausahau mji.

Na ya nne ni ya siasa. Samaki ilikuwa nembo ya wafalme wa Pandya, kwenye bendera na kwenye sarafu zao. Mungu mwenye macho ya samaki ni mungu aliyebeba bendera ya nchi usoni.

Sanamu yake inaonekanaje? Na yule kasuku ni wa nini?

Amesimama, mikono miwili tu. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wanategemea mikono minne au minane yenye silaha, kama ya Durga, mungu wa kike wa vita. Meenakshi hana silaha mkononi. Mkono wa kulia ameukunja ameshika ua, na juu yake ametua kasuku. Wa kushoto umening'inia kando ya nyonga. Jiwe lenyewe husemwa kuwa la kijani, na kijani ndiyo rangi yake: rangi ya zumaridi, ya mashamba ya mpunga, na ya kasuku huyohuyo.

Kasuku ana maana zaidi ya moja. Mungu wa mapenzi, anayeitwa Kama, humpanda kasuku, kwa hiyo ndege huyu ni ishara ya penzi la ndoa. Pia ni ndege anayerudia analoambiwa, kama muumini anavyolirudia jina la mungu wake. Ndani ya hekalu kuna ukumbi unaoitwa wa kitundu cha kasuku, ambako zamani walifugwa kasuku waliofundishwa kulitamka jina la Meenakshi. Wenyewe hawapo tena, ila ukumbi umebaki na jina.

Usitegemee kuuona mwili wa sanamu wote. Mara nyingi utakachokiona ni uso mdogo ndani ya chumba chenye giza, hariri, dhahabu, na maua shingoni hadi miguuni. Asumini ya Madurai ni maarufu India nzima, na mashada yake huuzwa milangoni asubuhi na jioni. Aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja ataijua harufu hiyo kabla hajayaona maua.

Je, wanaabudu jiwe?

Swali hili huulizwa na Waislamu na Wakristo pia, kwa nia njema na mara nyingine kwa nia isiyo njema. Jibu la makuhani ni kwamba jiwe peke yake ni jiwe, na fundi aliyelichonga analijua hilo kuliko mtu yeyote. Mungu huombwa aingie humo kwa ibada maalumu ya kuitia sanamu uhai, kwa mantra, yaani maneno matakatifu, na kwa maji. Baada ya hapo haichukuliwi tena kama kitu. Inachukuliwa kama mtu wa heshima aliyekubali kukaa mahali watu wanapoweza kumfikia. Kwa kawaida kila baada ya miaka 12 hivi hekalu hutengenezwa, minara hupakwa rangi upya, na maji yaliyobarikiwa humwagwa juu ya vilele vyake kuifanya upya nguvu hiyo. Aprili 2009 ilifanyika sherehe moja kubwa ya namna hiyo.

Zipo pia sanamu za shaba zinazotembea. Ile ya jiwe haitoki chumbani mwake. Malkia anapotaka kuwatembelea watu, huhamia kwenye sanamu ya shaba, hupandishwa machela au mnyama wa dhahabu, na kupitishwa mitaani. Hapo hata aliyekatazwa au asiyeweza kufika ndani humwona.

Siku yake hekaluni inakwendaje?

Kama siku ya malkia. Saa kumi na moja hivi alfajiri huamshwa kwa zumari na ngoma. Huogeshwa kwa maji, maziwa, asali, maji ya sandali, pazia likiwa limefungwa, maana hakuna mtu anayeruhusiwa kumwona mwanamke akivalishwa. Pazia likifunguliwa, amevaa. Kuhani huzungusha mwale wa kafuri mbele ya uso wake, kengele zinalia, na watu wananyoosha shingo. Chakula chake ni wali, vitu vitamu vya sukari guru na samli, matunda na nazi. Mchana milango hufungwa apumzike, jioni hufunguliwa tena.

Ibada ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho, kati ya saa tatu na saa nne usiku. Watu wamepungua, sakafu ya mawe imepoa. Kutoka upande wa Sundareswarar unatokea msafara mdogo: machela ya fedha iliyofunikwa pazia, na ndani yake hamna sanamu, ila nyayo za Shiva. Wabebaji wanatembea haraka haraka, mbele wanakwenda wapiga zumari na ngoma, pembeni mtu anapepea kwa upepeo mkubwa kwa sababu bwana amechoka na joto la mchana. Moshi wa ubani unajaa ukumbini. Wanafika mlango wa Meenakshi, nyayo zinashushwa na kuingizwa katika chumba cha kulala. Kunatolewa maziwa, kunaimbwa wimbo wa kubembeleza, milango inafungwa. Hata hapa, angalia ni nani anayemfuata mwenzake: kila usiku mume ndiye anayebebwa kwenda kwa mke.

Ijumaa jioni wana starehe yao: sanamu zao za shaba huwekwa kwenye pembea katika ukumbi ulio kando ya bwawa la hekalu, na kubembezwa huku nyimbo zikiimbwa.

Ukifika, unamsalimu nani kwanza?

Meenakshi. Ndipo uende kwa mumewe.

Ule unga mwekundu na ule mweupe kwenye paji la uso una maana gani?

Kwa Meenakshi kuhani anakupa kumkum, unga mwekundu unaotengenezwa kwa manjano. Ni alama ya mwanamke aliyeolewa, ya damu na ya baraka. Kwa Shiva unapewa majivu meupe, ukumbusho kwamba kila kitu kitaishia motoni. Mtu aliyemaliza ziara yake ameziweka zote mbili, mistari ya majivu na kitone chekundu katikati. Kwa kuwa unga hauruhusiwi kutupwa chini, wengi hupangusia uliobaki kwenye nguzo. Ukizitazama nguzo za njia ya kutokea utaona zimegeuka nyekundu kwa urefu wa kiganja cha mtu aliyesimama.

Chithirai ni sikukuu gani?

Ni harusi. Kila mwaka, mwezi wa Kitamili wa Chithirai, kati ya Aprili na Mei, Madurai huwaoza tena Meenakshi na Sundareswarar, na maandalizi na shamrashamra huchukua karibu wiki mbili. Joto wakati huo ni kali ajabu, na bado barabara hazipitiki kwa wingi wa watu.

Mpangilio wake unafuata hadithi hatua kwa hatua. Siku ya nane Meenakshi hutawazwa: anavikwa taji la vito na kukabidhiwa fimbo ya enzi. Siku ya tisa anatoka kwenda vitani kuziteka pande za dunia. Siku ya kumi ni ndoa. Mungu Vishnu, ambaye ni kaka yake, analetwa kutoka Tiruparankundram, kilomita chache nje ya mji, ili amkabidhi dada yake mkononi mwa bwana harusi. Kuhani anapomfunga bibi harusi uzi wa ndoa, maelfu ya wanawake walioolewa waliohudhuria hufungua nyuzi zao za shingoni na kufunga mpya, hapohapo walipo, kusudi ndoa zao zifaidi baraka ya ile ya juu.

Kisha kuna karamu, na kuna jambo litakalomfurahisha kila aliyewahi kukaa kamati ya harusi Dar au Nairobi: watu wanatoa mchango. Kwa Kitamili unaitwa moi, fedha anazotoa mgeni harusini, na waumini hupanga foleni kuutoa kwa ajili ya Meenakshi kama vile ni binti wa jirani. Hawaigizi. Binti wa mji anaolewa, na mji unachangia.

Siku ya kumi na moja magari mawili makubwa ya mbao, marefu kama nyumba, yanavutwa kwa kamba na umati kuzunguka mitaa ya Masi.

Kutawazwa kila mwaka, je, anatawala mwaka mzima?

Hapana. Utawala wake ni wa miezi minne, tangu Chithirai hadi mwezi wa Avani, Agosti au Septemba. Hapo Sundareswarar hutawazwa na kushika miezi minane inayobaki. Wapo wanaohesabu miezi hiyo na kusema kwamba basi mume ndiye mkubwa. Kalenda inasema hivyo. Miguu ya watu wanaoingia hekaluni asubuhi, mwaka mzima, inasema vingine.

Na yule mungu anayeingia mtoni amepanda farasi?

Huyo ni Alagar, Vishnu wa hekalu la Alagar Koyil, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini. Kwa simulizi ya watu, yeye ndiye kaka aliyealikwa harusini akachelewa. Anatoka mlimani kwake kwa msafara mrefu, akisimama kila kibanda kupokea heshima, na anapofika Vaigai usiku wa mwezi mpevu anaambiwa ndoa imeshafungwa. Anakasirika, anaingia mtoni alfajiri juu ya farasi wa dhahabu, na harudi mjini. Anapitiliza hadi Vandiyur. Umati unamrushia maji kumpoza hasira. Watu husubiri kwa hamu kuona amevaa hariri ya rangi gani, kwani kijani ni dalili ya mwaka wa mavuno mema.

Makuhani wana maelezo mengine ya safari hiyo, yanayohusu mtawa aliyelaaniwa akawa chura na anayesubiri kufunguliwa. Wanahistoria nao wanaeleza kwamba sikukuu mbili tofauti, ya wafuasi wa Shiva mjini na ya wafuasi wa Vishnu vijijini, ziliunganishwa na mfalme Tirumalai Nayak katika karne ya 17, ili watu wa pande zote wakutane. Mimi naona hadithi ya kaka aliyechelewa imefanya kazi kubwa kuliko amri ya mfalme. Na huko Vandiyur, simulizi ya wenyeji inasema Alagar hulala kwa mpenzi wake ambaye ni Mwislamu, Thulukka Nachiyar.

Hekalu lina umri gani?

Ibada ni ya kale sana, majengo mengi yanayoonekana leo si ya kale kiasi hicho. Mwaka 1311 jeshi la Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, lilifika Madurai na kupora. Baadaye mji ukawa na masultani wake, hadi jeshi la Vijayanagara, dola ya Kihindu ya kusini, lilipowaondoa katika miaka ya 1370. Ukarabati mkubwa ulifanywa na wafalme wa Nayak katika karne za 16 na 17.

Kwa jumla kuna minara 14. Mrefu kuliko yote ni wa kusini, uliojengwa 1559, unaokaribia mita 52. Ukumbi wa Nguzo Elfu, wa 1569, kwa kweli una nguzo 985, na kila moja imechongwa. Kinachonigusa zaidi ni ramani ya mji: mitaa inalizunguka hekalu kwa miraba, mmoja ndani ya mwingine, na imepewa majina ya miezi ya Kitamili, Adi, Chithirai, Masi, kwa kufuata sikukuu zilizopita humo. Mtu akikuelekeza njia Madurai, anakutajia kalenda ya malkia.

Ni kweli watu wengine walikuwa hawaruhusiwi kuingia?

Ni kweli, na hili halifai kupitwa haraka. Kwa karne nyingi Wadalit, waliohesabiwa kuwa najisi, na watu wa tabaka la Nadar, walisimama nje ya kuta. Mama wa mji mzima alikuwa na watoto wasioruhusiwa kumwona. Tarehe 8 Julai 1939, wakili A. Vaidyanatha Iyer, mwenyewe Mbrahmini, yaani wa tabaka la makuhani, aliwaongoza Wadalit watano na Mnadar mmoja hadi ndani. Mmoja wao, P. Kakkan, baadaye alikuwa waziri katika serikali ya jimbo. Makuhani wengi waligoma, wakidai hekalu limechafuliwa, na mgomo ulichukua miaka. Serikali ya Madras ikatunga sheria mwaka huohuo wa 1939 kuwalinda waliofungua mlango. Gandhi, aliyekuwa amekataa kuingia mahali ambapo Wadalit hawaingii, alikuja kusali humo mwaka 1946.

Ukisikia mtu anasema desturi za hekalu hazibadiliki, mkumbushe tarehe hiyo.

Wanamtolea dhabihu za wanyama?

Meenakshi hali nyama. Mbuzi na kuku hutolewa kwa miungu walinzi wa vijijini na pembezoni.

Kisa cha Mwingereza na vikuku vya farasi ni nini?

Rous Peter alikuwa mtawala wa wilaya ya Madurai kwa niaba ya Kampuni ya Mashariki ya India, kuanzia 1812 hadi 1828. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mvua kubwa aliamshwa na msichana mdogo, akamfuata nje ya nyumba, na mara radi ikaipiga nyumba ile. Alipogeuka msichana hayupo, na hakuwa amevaa viatu. Peter akaamini amemwona nani. Akatengeneza vikuku vya dhahabu vyenye vito, vile vya kukanyagia mpanda farasi, kwa ajili ya miguu ya Meenakshi, na hadi leo huvivaa anapopandishwa farasi wakati wa Chithirai. Wenyeji walimpa bwana huyo jina la Peter Pandian, wakamwingiza katika ukoo wa kifalme. Radi na msichana ni habari ya imani. Vikuku vipo.

Je, ndiye anayeabudiwa na Wahindu wa Afrika Mashariki?

Si kwa jina hilo, kwa kawaida. Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala na Zanzibar asili yao ni Gujarat, kaskazini magharibi mwa India, na mama yao ni Amba. Hekalu lake kuu, Ambaji, halina sanamu kabisa. Kuna yantra, mchoro mtakatifu, ambao kuhani huuhudumia akiwa amefunika macho. Linganisha na Madurai, ambako kila kitu ni kuonana macho kwa macho.

Hata hivyo wote wanakutana kwenye Navaratri, zile siku tisa za Septemba au Oktoba. Magujarati hucheza garba usiku kucha kuizunguka taa. Madurai hekalu hupangwa ngazi za wanasesere, na Meenakshi huvalishwa kila siku mavazi ya tukio jingine. Wanatheolojia wao watakwambia nguvu ni moja, Shakti, ila kila mji unaipokea kwa sura yake. Na Wahindi wa kusini wamembeba wao pia walikohamia: Pearland, Texas, karibu na Houston, lipo hekalu la Meenakshi lililojengwa kwa mtindo wa nyumbani.

Mimi si Mhindu. Nikienda nitaruhusiwa kuingia?

Utaingia ndani ya kuta, utaona kumbi, bwawa la Nilofa ya Dhahabu na nguzo zilizochongwa. Vyumba vya ndani vya Meenakshi na Sundareswarar ni vya Wahindu tu, na kuna bango linalosema hivyo. Usibishane na mlinzi.

Vua viatu nje. Funika mabega na miguu. Kanga ya ziada begani inatosha kabisa. Simu na kamera hazipiti: zilipigwa marufuku mwaka 2018, baada ya moto wa Februari mwaka huo kuunguza maduka na sehemu ya ukumbi mmoja wa upande wa mashariki, na kuna mahali pa kuziacha kwa risiti. Kuanzia saa sita na nusu hivi mchana hadi saa kumi pamefungwa, kwa hiyo nenda asubuhi mapema au jioni. Ukipewa kumkum na mtu aliyetoka ndani, ipokee kwa mkono wa kulia. Na kama una nafasi ya ziara moja tu, ifanye iwe ya usiku, ukae hadi machela ipite.